Kutoka Bombani hadi Kikombeni: Kipindupindu Huingilia Wapi?

Kipindupindu hubebwa na watu. Mwaka 1869 kiliteremka kutoka bara pamoja na misafara ya biashara, kikafika Pangani, kisha kikavuka bahari hadi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, alieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1876. Leo watu husafiri kwa mabasi na boti, lakini ugonjwa huambukiza vilevile: vimelea vilivyomo katika kinyesi cha mtu mmoja hufika kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji, chakula au mikono.

Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, ilhali hutoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo kumwepuka mgonjwa pekee hakutoshi. Hatuna budi kuyalinda maji yenyewe.

Maji ya Jiji la Tanga hutoka Mto Zigi, katika Bwawa la Mabayani, na hutibiwa kabla ya kusambazwa. Baada ya hapo yanaweza kuchafuka mahali patatu:

1. Kwenye bomba lililopasuka. Maji yanapokatika, msukumo hushuka na bomba huweza kunyonya maji machafu yaliyo nje yake. Ndiyo maana mpira uliounganishwa kiholela na kupitishwa mtaroni huhatarisha mtaa mzima.

2. Kwenye dumu la muuza maji. Maji maangavu si lazima yawe salama, na macho hayawezi kutambua yalikotoka.

3. Kwenye ndoo ya nyumbani. Mkono mmoja usionawa, ukitumbukizwa pamoja na kikombe, hutosha kuyachafua.

Tunakushauri mteja ufanye yafuatayo:

(a) Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na usubiri dakika 30.

(b) Yahifadhi katika chombo chenye mfuniko na koki, au tumia kata yenye mpini mrefu.

(c) Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kula.

(d) Toa taarifa ya bomba linalovuja, au maji yenye rangi au harufu, kwa mamlaka ya maji ya eneo lako, na uhifadhi kumbukumbu ya taarifa hiyo. Usiporidhika na majibu, una haki ya kuwasilisha malalamiko kwetu EWURA.

Mtu akianza kuharisha majimaji mfululizo, mpe mara moja maji ya ORS yaliyochanganywa kwa maji salama, na mpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku. Upungufu wa maji mwilini unaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa anayewahi matibabu kwa kawaida hupona.