Kura Milioni Mbili Zilizokosea: Sayansi ya Kubashiri Uchaguzi

Mnunuzi wa nafaka aingiapo ghalani hamwagi mahindi yote sakafuni ili ayatazame punje moja moja. Huchukua bambo lake, akalichoma gunia ubavuni, na punje chache zinazoshukia kiganjani humweleza hali ya gunia zima. Hata hivyo, mnunuzi aliyezoea kazi hachomi mahali pamoja tu, wala haridhiki na magunia yaliyopangwa karibu na mlango. Ajua kwamba mahindi mazuri huenda yamewekwa juu, na yaliyobunguliwa yakafichwa chini. Kwake yeye, swali kubwa si punje ngapi zimetoka, bali zimetoka wapi.

Kanuni hiyo ya ghalani ndiyo msingi wa tawi zima la takwimu liitwalo nadharia ya sampuli. Sampuli ni sehemu ndogo ya kitu inayochunguzwa ili kukadiria hali ya kitu chote. Kwa njia hiyo madaktari hupima damu, wahandisi hupima saruji, na wataalamu wa kilimo hukadiria mavuno. Kwa njia hiyo hiyo watu hujaribu kubashiri matokeo ya uchaguzi kabla ya kura kupigwa. Na katika historia ya kazi hiyo, hakuna somo lililo wazi zaidi kuliko lile la uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1936.

Jarida lililoaminiwa

Wakati huo kulikuwa na jarida la kila juma lililoitwa Literary Digest, lililoanzishwa mwaka 1890. Kila ulipokaribia uchaguzi wa rais, jarida hilo lilipeleka kwa posta karatasi za kura za maoni kwa idadi kubwa mno ya watu, na kuwaomba wazijaze na kuzirudisha. Mwaka 1920, 1924, 1928 na 1932 lilimtaja mshindi bila kukosea. Haishangazi, basi, kwamba wasomaji wake waliliamini.

Mwaka 1936 wagombea wakuu walikuwa wawili. Franklin D. Roosevelt wa chama cha Democratic alikuwa rais tangu mwaka 1933. Mpinzani wake, Alf Landon wa chama cha Republican, alikuwa gavana wa jimbo la Kansas. Nchi ilikuwa imo katika mdororo mkuu wa uchumi, na mwaka 1933 kiasi cha mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Serikali ya Roosevelt ilianzisha kazi za umma, ikawasaidia wakulima, na mwaka 1935 ikapitisha sheria ya malipo ya uzeeni. Wengi wa maskini waliiona siasa hiyo kuwa mkombozi, na wengi wa matajiri waliiona kuwa uvamizi wa mali zao. Kwa hiyo uchaguzi ule ulikuwa na uzito mkubwa, kwani wananchi waliombwa kuamua kama njia hiyo mpya iendelee au iachwe.

Literary Digest lilituma karatasi kiasi cha milioni 10. Zilizorudishwa zilikuwa 2,376,523. Wahariri walizihesabu zote, na tarehe 31 Oktoba 1936 wakachapisha jumla yao. Kati ya kura walizopewa wagombea hao wawili, Landon alikuwa na asilimia 57 na Roosevelt asilimia 43. Kwa mujibu wa jarida, rais alikuwa anakwenda kushindwa.

Siku tatu baadaye, tarehe 3 Novemba, Wamarekani walipiga kura. Kati ya kura za wagombea hao wawili, Roosevelt alipata kiasi cha asilimia 62. Katika nchi hiyo rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wanaogawiwa majimbo, na wajumbe wa mwaka ule walikuwa 531. Roosevelt alipata 523, na Landon 8 tu, kutoka majimbo mawili ya Maine na Vermont. Ushindi mkubwa kiasi hicho katika hesabu ya wajumbe ulikuwa haujaonekana tangu mwaka 1820. Jarida lilikuwa limekosea kwa kura 19 katika kila 100. Heshima yake haikurudi tena, na mwaka 1938 uchapishaji wake ulikoma.

Kosa halikuwa uchache

Mtu asiyejua takwimu angedhani kwamba dawa ilikuwa kuuliza watu wengi zaidi. Hesabu yaonyesha vingine. Ikiwa watu wamechaguliwa kwa nasibu, yaani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, kuna kanuni rahisi ya kukadiria ukubwa wa kosa. Gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya walioulizwa. Jibu ni kiasi ambacho makadirio hayatazidi kukikosa, takriban mara 95 katika kila 100.

Wakiulizwa watu 100, kipeuo cha pili ni 10, na kosa ni asilimia 10. Wakiulizwa 2,500, kosa ni asilimia 2. Wakiulizwa 10,000, ni asilimia 1. Mwanafunzi ataona kwamba ili kulipunguza kosa kwa nusu, ni lazima idadi iongezwe mara nne. Yafaa pia aone kwamba ukubwa wa nchi haumo kabisa katika kanuni hii. Maadamu sampuli ni sehemu ndogo ya watu wote, watu 2,500 waliochaguliwa vyema huitosha nchi ya watu milioni 10 sawasawa na nchi ya watu milioni 100.

Sasa kanuni hiyo itumiwe kwa kura za jarida. Kipeuo cha pili cha 2,376,523 ni karibu 1,542. Kwa hiyo kama kura zile zingekuwa za nasibu, kosa lisingefikia hata sehemu moja ya kumi ya asilimia 1. Lakini kosa halisi lilikuwa 19. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya bahati. Kulikuwa na kosa la namna nyingine, kosa la mwelemeo, ambalo halipungui hata watu wakiongezwa. Mizani iliyopinda hainyooki kwa kupimiwa mara nyingi.

Mwelemeo ulitoka wapi?

Chanzo cha kwanza kilikuwa orodha. Majina mengi ya watu waliotumiwa karatasi yalitolewa katika vitabu vya simu na katika orodha za wenye magari. Mwaka 1936 simu na gari havikuwa vitu vya kila nyumba. Aliyepoteza kazi aliuza gari lake na kuikatiza simu yake, na pamoja navyo alitoweka katika orodha za jarida. Katika uchaguzi uliotangulia jambo hilo halikuleta madhara makubwa, kwa kuwa matajiri na maskini hawakutofautiana sana katika kura zao. Mwaka 1936 walitofautiana, na njia iliyofaa zamani ikageuka kuwa mtego.

Chanzo cha pili hakionekani kwa urahisi. Kati ya watu milioni 10 waliotumiwa karatasi, ni kama robo tu waliojibu. Je, waliojibu walifanana na walionyamaza? Mji wa Chicago unatoa ushahidi. Huko jarida lilitumia orodha ya wapiga kura walioandikishwa, likamtumia karatasi mtu mmoja katika kila watatu, hivyo maskini hawakuachwa nje. Hata hivyo, waliojibu walikuwa kiasi cha mmoja katika watano, na zaidi ya nusu yao walimtaka Landon. Siku ya uchaguzi, Roosevelt alipata kiasi cha theluthi mbili za kura za mji huo. Orodha ilikuwa njema, lakini majibu yalielemea upande mmoja. Watu waliomchukia rais walikuwa na ari zaidi ya kuandika na kurudisha karatasi kuliko wale walioridhika naye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988, uliotumia majibu ya watu waliohojiwa mwaka 1937, ulithibitisha kwamba vyanzo vyote viwili vilichangia kosa lile.

Sampuli ndogo yaishinda kubwa

Mtu aliyefaidika na mkasa huo ni George Gallup, mzaliwa wa Iowa, aliyeanzisha taasisi ya kupima maoni ya umma mwaka 1935. Yeye aliwauliza watu kiasi cha 50,000, lakini alihakikisha kwamba wamo wa mjini na wa shamba, matajiri na maskini, wanaume na wanawake, kwa uwiano uliokaribiana na wa taifa. Alibashiri kwamba Roosevelt angeshinda kwa asilimia 56.

Zaidi ya hayo, katika mwezi wa Julai 1936, kabla jarida halijatuma karatasi zake, Gallup alichukua majina kama 3,000 kutoka katika orodha za aina ile ile, akawapelekea kadi. Kisha akatangaza kwamba Literary Digest lingempa Landon asilimia 56 na Roosevelt 44. Hakukosea ila kwa asilimia 1. Mwenye jarida alikasirika. Lakini aliyejua asili ya kosa aliweza kulitabiri mapema, na hiyo ndiyo alama ya elimu ya kweli.

Hata hivyo Gallup naye alikuwa amempunguzia Roosevelt kura 5 hadi 6 katika kila 100. Kwa kuwa alimtaja mshindi sawasawa, wachache walilijali jambo hilo. Mwaka 1948 lilimrudia. Taasisi yake ilibashiri kwamba Thomas Dewey angepata asilimia 49.5 na Rais Harry Truman 44.5. Truman ndiye aliyeshinda, kwa asilimia 49.5 dhidi ya 45.1. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa limekwisha kuchapa kichwa cha habari kinachosema kwamba Dewey amemshinda Truman, na Truman alipigwa picha akiliinua gazeti hilo huku akicheka. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahojiano yalisimamishwa mapema mno, na watu walioamua dakika za mwisho hawakusikilizwa. Tena, mhojaji alipewa hesabu ya watu wa kila aina, lakini aliachiwa awachague mwenyewe, naye aliwaendea walio rahisi kufikiwa. Tangu hapo wataalamu walizidi kuegemea uchaguzi wa nasibu, ambao hauachii hiari ya mtu.

Kurekebisha uzito

Siku hizi watu wengi hukataa kuhojiwa, na wataalamu hulazimika kuyapa majibu uzito tofauti. Chukua mfano wa wilaya ambayo nusu ya wapiga kura ni wakulima na nusu ni watu wa mjini. Wahojaji wamepata majibu 1,000, ambayo 300 ni ya wakulima na 700 ni ya watu wa mjini. Mgombea fulani ametajwa na wakulima 210 na watu wa mjini 280. Ukijumlisha tu, ana 490 katika 1,000, yaani asilimia 49, na yaelekea atashindwa. Lakini kwa wakulima ana asilimia 70, na kwa watu wa mjini 40. Kwa kuwa makundi hayo ni sawa kwa idadi, wastani wa 70 na 40 ni 55. Mgombea huyo anaongoza.

Kupuuza hesabu hiyo kulichangia mshangao wa mwaka 2016, Hillary Clinton alipoшindana na Donald Trump. Katika nchi nzima makadirio hayakukosea sana, kwani Clinton alipata asilimia 48.2 ya kura na Trump 46.1. Lakini Trump alipata wajumbe wengi zaidi, baada ya kushinda Wisconsin, Michigan na Pennsylvania kwa tofauti isiyofika kura 1 katika kila 100 katika kila jimbo. Uchunguzi mwingi uliofanywa majimboni haukurekebishwa kwa kiwango cha elimu, na wasiosoma chuo, waliomwelekea Trump, walikuwa wachache mno katika sampuli. Pamoja na hayo, mmoja wa wabashiri mashuhuri alikuwa amempa Trump nafasi ya takriban 29 katika 100. Wengi walisoma hapo kwamba hawezi kushinda. Kumbe jambo lenye nafasi 3 katika 10 hutokea mara nyingi, na mtu akiambiwa hivyo kuhusu mvua hapaswi kulalamika akilowa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa maharage 1,000 yaliyo sawa kwa ukubwa, 600 mekundu na 400 meupe. Yachanganywe vizuri katika ndoo, kisha kila mwanafunzi, akiwa amefumba macho, achote 100, ayahesabu mekundu na kuyarudisha, na ndoo ikorogwe tena. Karibu wote watapata baina ya 50 na 70, kama kanuni ya kipeuo cha pili inavyosema. Halafu mekundu yawekwe chini na meupe yamwagwe juu bila kukorogwa, na mwanafunzi mmoja achote 300 ya juu. Amechukua mara tatu zaidi ya wenzake, lakini ndoo yake itaonekana kuwa ya maharage meupe.

Kila takwimu itangazwapo, msomaji na aulize mambo matatu: ni kina nani walioulizwa, walichaguliwa kwa njia gani, na ni wangapi waliokaa kimya? Wahariri wa Literary Digest walikuwa waaminifu, na hesabu yao ya kujumlisha haikuwa na dosari. Walichokosa ni kujiuliza bambo lao lilikuwa limechomwa wapi.