Saa Nne ya Nani?

Shangazi ndiye aliyenipa kazi. Nilikuwa nimerudi Moa kwa likizo ndefu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, ninakosomea sayansi ya kompyuta mbali kabisa na bahari. Yeye huchokoa pweza miambani, na pweza hamngoji mtu: maji yakianza kurudi, kazi imekwisha. Akaitazama laptopu yangu, akasema, "Mwanangu, hiyo si inajua kila kitu? Iambie inipangie bamvua za mwezi ujao."

Ningeweza kumtafutia ratiba ya bandari ya Tanga, nikaendelea kunywa madafu. Ila nilitaka kuona kama ninaweza kuipata ya hapahapa, kwa vipimo vyangu. Nikachomeka mti mdomoni mwa hori, nikaupiga rangi kila sentimita 10. Usiku nasoma mimi, mchana anasoma mdogo wangu, kila saa, daftarini.

Siku 4 nikadhani zinatosha. Hazikutosha, na sababu yake inapendeza. Bahari huvutwa na mwezi na jua. Mvuto mkuu wa mwezi hujirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25. Wa jua, saa 12 kamili. Tofauti hiyo ya dakika 25 huachanisha hao wawili polepole, nao hukutana tena baada ya siku 14 na robo tatu. Wakivuta pamoja ni bamvua, wakipingana ni maji mafu. Ukipima siku 4 huwezi kujua lipi la mwezi, lipi la jua. Tukaendelea hadi siku ya 15, mdogo wangu akinung'unika.

Hesabu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta tuzijuazo. Mwaka 1872 William Thomson, mzaliwa wa Ireland aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kubashiri maji kujaa na kupwa. Ilikuwa na magurudumu na kapi, kila gurudumu likizunguka kwa mwendo wa mvuto mmoja, na kamba moja ikapita juu ya kapi zote ikijumlisha. Nilipomweleza babu, aliyekuwa nahodha, hakushangaa hata kidogo. Kapi na kamba anazijua.

Mimi nilihitaji kamba hiyo ndani ya Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Chuoni tulianza na C, kwa hiyo Python nilikuwa naijua kwa mbali. Bando linakula pesa, basi siku moja nilipanda gari hadi Tanga mjini, nikapakua maelekezo yote niyasome nyumbani bila mtandao. Namna yangu ya kujifunza ni ya utundu: nachukua mfano mdogo unaofanya kazi, nafuta mstari mmoja, nasikiliza utalalamika vipi. Malalamiko ya Python husomwa kuanzia chini. Mstari wa mwisho ndio unaotaja kosa, ya juu ni safari ya kufika hapo. Hilo peke yake lilinichukua wiki nzima kulizoea, na sijui kwa nini mwalimu hatuambii siku ya kwanza.

Programu ikakubali. Ikachora mchoro. Bahari yangu ikapanda na kushuka kiasi cha shubiri moja! Moa, ambako siku za bamvua maji huweza kupanda zaidi ya mita 3.

Nikailaumu fomula. Nikaiandika upya. Nikabadilisha maktaba ya hesabu, nikarudisha ile ya kwanza. Siku mbili zikapotea hivyo, na hizo ndizo siku ambazo mwanafunzi wa kompyuta huwa hafai kuongea naye. Siku ya tatu nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikaikata data vipande viwili. Vipimo vya usiku peke yake: bahari nzuri, inapanda na kushuka kama bahari. Vya mchana peke yake: nzuri vilevile, ila imepinduka. Ya kwanza ikijaa, ya pili inakupwa. Ukizijumlisha zinafutana.

Nikajua kosa liko wapi, sikujua ni nini. Nikaenda barazani nikaanza kumsomea babu daftari, mstari baada ya mstari. Kompyuta haichoki kukosea kimyakimya, lakini ukimsomea mtu kwa sauti unajisikia mwenyewe. Nikafika kwenye "4, mita 0 na nusu."

"Saa nne ya nani?" akauliza babu.

Mdogo wangu aliandika saa kama anavyoisema: saa nne asubuhi, 4. Mimi niliandika kama simu inavyoonyesha: saa nne usiku, 22. Programu ikaichukua 4 yake kuwa alfajiri. Saa 6 nyuma, karibu nusu kamili ya mzunguko wa maji, ndiyo maana kujaa kukawa kupwa. Aibu iliyonipata ni hii: mchoroni hapakuwa na kipimo hata kimoja cha alasiri, nami sikuona.

Nikaongeza 6 kwenye kila mstari wa mdogo wangu. Babu alikuwa na mtihani wake tayari: mwezi ukiandama, bahari hapa hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Programu ikajibu saa kumi na dakika chache. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akaagiza kahawa.

Shangazi nilimwandikia ratiba kwa kalamu, kwa saa zake yeye. Bamvua ya kwanza alirudi na pweza wanne, ila akasema maji yalibaki juu kidogo kuliko nilivyoandika, kiasi cha kiganja. Kusi lilikuwa limevuma siku mbili mfululizo.

"Upepo umeutia?" babu akauliza.

Sijautia. Nimepima mwezi na jua tu.