Mwenye Nyumba na Mwashi Wake

Wengi hudhani ya kuwa mashauri ya ujenzi ni mambo ya makampuni yajengayo mabwawa na madaraja. Sivyo. Shauri la namna hii huweza kuzaliwa penye vyumba vitatu vya matofali.

Tuchukue mfano. Baba mmoja amepatana na mwashi kwa maneno ya kinywa tu, naye amekwisha lipa nusu. Mvua zinakuja, na ufa unatokea toka msingi hata dirishani. Mwenye nyumba asema: “Umeniibia simenti.” Mwashi ajibu: “Mzee, nilitaka kuchimba zaidi, ukaniambia nipunguze gharama.” Nani atawaamua? Msingi umefukiwa, vyuma vimefunikwa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa mashauri haya: ushahidi umezikwa ndani ya kazi yenyewe. Hakimu hakusomea uashi, hana budi kumwita mjuzi. Siku zapita, maji yaingia ufani, na gharama za shauri zaweza kuupita ukuta wenyewe.

Sheria ya zamani ni kali. Ile ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyoigwa na nchi nyingi, ilimtaka mjenzi alijibie jengo lake kwa muda wa miaka 10, likianguka kwa ubovu wa kazi, hata kwa ubovu wa udongo. Lakini mwashi asiye na kitu atalipa kwa nini? Hukumu ya fedha juu yake ni karatasi tu.

Mpatanishi hushika njia nyingine. Yeye haamui. Huwasikiliza wote wawili pamoja, kisha kila mmoja peke yake, na siri aliyoambiwa haitoi. Kwa maoni yetu afanye kikao cha kwanza penye ukuta, si ofisini: fundi asiye wa upande wowote achimbe kando ya msingi, wote wakitazama. Mara nyingi jembe hupunguza maneno. Ndipo aulize, si nani mwongo, bali nyumba yahitaji nini ili isimame, na nani ana nini. Mwashi ana mikono. Mwenye nyumba ana mchanga na simenti. Basi mmoja atoe kazi bila mshahara, mwingine vifaa, na fedha iliyobaki ilipwe kila sehemu ikiisha kukaguliwa. Yote yaandikwe, yatiwe sahihi.

Na mapatano hayo yana nguvu. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tarehe 23 Novemba 2017, mjini Conakry, nchi za umoja huo zilipitisha sheria moja ya upatanishi. Yaagiza mpatanishi asipendelee. Maneno ya kikaoni hayaletwi baadaye mbele ya hakimu kama ushahidi, na muda wa kushtaki husimama watu wakipatana. Mapatano yaliyoandikwa huwafunga wote wawili, nayo yaweza kupelekwa kwa hakimu yapewe nguvu ya hukumu.

Lakini yako yasiyongoja kikao. Ukuta ukiinama, watu watolewe kwanza ndani. Na mjenzi aliyekimbia na fedha hapatanishwi, maana upatanishi wataka watu wawili waliokubali kuketi, huyo ashtakiwe.