Mbao mbichi, nyumba ghali: soko la mbao za ukuta Kampene

Mwaka 2016 wataalamu wa hali ya hewa walitoa orodha ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani, baada ya kuchambua vipimo vya setilaiti vya miaka 16. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. Kabare, mashariki mwa Kongo, ikawa ya pili. Ya tatu ilikuwa Kampene, mji wa dhahabu na kasiteriti katika teritwari ya Pangi, Maniema: mimweko zaidi ya 176 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Hakuna ubao unaozuia radi. Lakini dhoruba zinazoileta ndizo zinazokula kuta za mbao. Mvua ya namna hiyo haishuki wima. Upepo huisukuma ikapiga ukuta ubavuni, na matone yanayoruka kutoka chini hulowesha ubao wa kwanza kabla ya nyingine zote. Saa mbili baadaye jua linawaka. Uso wa ubao unakauka na kupasuka, ndani maji bado yamo. Majira ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni mafupi mno kuponya kilichoharibika mwaka mzima.

Kwa hiyo mbao za ukuta ni hesabu ya fedha, na naamini hesabu hiyo inakosewa mapema, siku ya kununua. Mteja hulipia jina la mti na upana wa ubao. Halipii moyo wa mti wala ukavu, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama ukuta utadumu.

Tuanze na majina. Muvula, ule unaoitwa mvule Tanzania, una sifa nzuri na unastahili: moyo wake unastahimili mchwa na uozo. Afromosia nayo ni hivyo hivyo, ila ni mti ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti na mkataba wa CITES tangu 1992. Libuyu ni jina linalofunika miti kadhaa ya ukoo mmoja, sipo, sapeli, tiama na kosipo, na miti hiyo haina nguvu sawa. Sapeli hupendeza macho lakini nje kwenye unyevunyevu uimara wake ni wa wastani. Limbali ni mzito na mgumu, na katika misitu hii ni mwingi. Tatizo lake ni kusinyaa: ukiugongomea ukiwa mbichi, utajipinda na kuacha mianya ambayo mvua itaingia kama mgeni aliyealikwa.

Hata muvula una sehemu dhaifu. Chini ya gome kuna tabaka jeupe ambalo mchwa na kuvu hulitafuna bila shida, kwa karibu kila mti. Msumeno hauchagui, mpasuaji anayelipwa kwa idadi ya mbao hana sababu ya kulitupa tabaka hilo. Mnunuzi ageuze kila ubao na kutazama kingo zake mbili. Wenye ukingo mweupe ufanye kazi ndani ya nyumba.

Ukavu ndio mgumu zaidi. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wa mbao zake kavu, au kuzidi. Kuvu wa kuozesha huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi. Kati ya hali hizo mbili kuna wiki nyingi, hata miezi, za mbao kupangwa kivulini, zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Nani atazisubiri? Mpasuaji anataka pesa wiki hii, maana shimo la dhahabu linamwita pia. Mchuuzi hana mtaji wa kulaza mali. Mjenzi anamaliza haraka kabla mvua hazijarudi. Kila mmoja ana haki yake, na ubao unapigwa misumari ukiwa bado unatoa maji.

Hapa ndipo naiona biashara ambayo haijashikwa. Banda la paa la mabati lisilo na kuta, mbao zilizonunuliwa mapema katika mwaka, ziuzwe kavu wajenzi wanapoanza. Sheria ina nafasi. Sheria ya misitu ya 2002, pamoja na kanuni zake, inampa Mkongomani nafasi ya kupata kibali cha kukata kwa mikono au kwa msumeno wa injini, na dekreti ya Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wa hadi hektari 50,000. Kijiji chenye msitu wake kinaweza kuwa na banda lake, na tofauti ya bei kati ya mbichi na kavu ikabaki kijijini badala ya kwenda na lori.

Ukavu unahitaji msingi pia, somo ambalo mji wa Goma ulilipata kwa uchungu. Baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava mjini humo tarehe 17 Januari 2002, familia nyingi zilijenga upya kwa mbao, juu ya mawe ya lava yenyewe. Mawe hayo yaliinua mbao kutoka kwenye maji, jambo ambalo Kampene inaweza kulipata kwa mawe ya mtoni na saruji kidogo.

Kilichobaki ni kazi ya fundi. Paa litoke nje vya kutosha ili mvua ya ubavu isiguse ukuta wote. Mbao zilaliane kama magamba ya samaki, ya juu ifunike ya chini. Misumari iwe yenye zinki, kwa sababu chuma tupu ndani ya afromosia au muvula uliolowa huacha madoa meusi na kuliwa na kutu. Oili chafu ya injini inayopakwa kwenye kuta hufukuza maji kwa muda, lakini ubao mbichi uliopakwa hufungiwa unyevu ndani. Na ubao wa chini kabisa ugongomewe peke yake, ili ukioza uondolewe asubuhi moja bila kugusa nyingine.