Kisangani: mapori ya kimya bado yako karibu na mji, ila yanarudi nyuma

Siku ya Jumapili katika mitaa ya Tshopo na Mangobo, kelele huanza mapema: pikipiki, genereta, vipaza sauti vya makanisa. Mkaaji anayetaka kutembea saa mbili tatu chini ya miti, bila kukutana na mtu na bila kufuata njia, angefikiri yuko mahali panapofaa kabisa. Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, iko ndani ya msitu mkubwa wa ikweta. Lakini anayetoka mjini kwa pikipiki huona kwanza mashamba ya muhogo, kisha vichaka, kisha mashamba tena. Msitu wenyewe upo. Inabidi tu kujua wapi.

Wanaoujua zaidi ni watu wa vijiji vya kando, na baada yao wanafunzi na walimu wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS), ambao kwa miaka mingi huenda huko kupima miti na kuchunguza wanyama wadogo.

Mahali patatu

Pa kwanza ni Masako. Ni hifadhi ya msitu yenye zaidi ya hektari 2.000, iliyoundwa mwaka wa 1953 katika kona ya mto Tshopo, karibu kilometa 14 kaskazini-mashariki ya mji. Mtu hufuata barabara ya zamani ya Buta hadi kijiji cha Batiabongena, kisha huacha pikipiki na kuingia kwa miguu. Kwa aliye na nusu siku tu, kati ya mahali hapa patatu ndipo pa karibu zaidi kwa njia ya barabara.

Pa pili ni kisiwa cha Mbiye, katika mto Congo, juu ya maporomoko ya Wagenia. Huko hufikiwa kwa mtumbwi. Kina urefu wa karibu kilometa 14, na sehemu yake moja hufunikwa na maji mto unapojaa. Kwa hiyo kabla ya kwenda ni vizuri kuwauliza wavuvi kuhusu hali ya mto.

Pa tatu ni Yoko, kwenye barabara ya Ubundu, kilometa zaidi ya 30 kutoka mji. Hifadhi hii ya mwaka wa 1959 ina karibu hektari 7.000, na ndiyo kubwa kuliko zote tatu. Ila kwenda huko ni lazima kuvuka mto hadi mtaa wa Lubunga, ngambo ya kushoto. Tangu mwaka wa 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu, umechoma nyumba na kukimbiza familia nyingi ngambo ya kulia. Siku ambayo habari za barabara hiyo si nzuri, matembezi yasubiri.

Msitu mzee ni mwepesi kutembea

Wakaaji wengi wa mji huogopa kutoka njiani kwa sababu hawajapita ile sehemu ya kwanza. Pale shamba lilipoachwa miaka michache iliyopita, miti ya kombokombo huota haraka, kamba za porini hufunga kila mahali, na majani ya mangongo, yale yale ya kufungia chikwangue, husimama hadi kifuani. Bila panga mtu hasongi hata mita kumi. Wengi hurudia hapo na kusema pori halipitiki.

Ukweli ni kwamba sehemu mbaya ndiyo hiyo. Mbele yake, penye miti mikubwa, jua haliifikii ardhi sana na majani ya chini hukosa nguvu. Hasa penye limbali, mti ambao hupenda kuota pamoja na wenzake kwa wingi, chini panakuwa wazi kama uwanja uliofunikwa na majani makavu, na mtu huona miti mingi mbele yake. Hapo ndipo kutembea bila njia kunawezekana, na hapo ndipo kimya kinapoanza. Sauti zinazobaki ni za ndege, nyani wa mbali na matunda yanayoanguka.

Kwa hiyo anayetafuta mahali pazuri asipime kwa umbali wa barabara peke yake. Aulize kijijini wapi pana limbali, na wapi hapajalimwa tangu wakati wa babu. Mwenyeji atajibu bila kufikiri mara mbili.

Kuingia, na hasa kutoka

Hatua ya kwanza ni kumsalimu chifu wa kijiji. Hifadhi ni ya Serikali, na sheria ya misitu ya mwaka wa 2002 inaweka mipaka kwa yanayoweza kufanyika ndani yake. Lakini ardhi ya pembeni ina wenyewe, na mgeni anayezunguka bila kujulikana anaweza kudhaniwa kuwa mpima viwanja au mnunuzi wa mbao. Chifu pia ndiye anayeweza kumpa kijana wa kumsindikiza. Kijana huyo anajua mitego ya waya ilipo, jambo ambalo mgeni hawezi kuliona chini ya majani.

La pili ni mwelekeo. Mawingu yakifunika jua, mtu katika msitu huu hana mlima wa kutazama wala sauti ya kufuata, na bila kujua huanza kuzunguka. Wawindaji huvunja vijiti vidogo kila hatua kadhaa, vikielekea walikotoka. Simu yenye ramani iliyohifadhiwa kabla ya safari husaidia hata bila mtandao, mradi betri imejaa. Masako, kijito kinachoshuka mwishoni hufika mto Tshopo.

La tatu ni saa. Kisangani iko karibu sana na ikweta, na mwaka mzima jua hutua baada tu ya saa kumi na mbili jioni. Chini ya miti giza huanza saa nzima kabla. Mtu mwenye busara huanza kurudi saa tisa. Miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye mvua kidogo. Buti za mpira zinafaa kwa sababu ya nyoka na siafu, na mnyama aliyekutwa amekufa haguswi, kwani jimbo la Tshopo linajua ugonjwa wa mpox tangu zamani.

Gunia juu ya baiskeli

Bado kuna jambo moja ambalo ramani haionyeshi. Umeme wa bwawa la Tshopo haufiki katika kila nyumba, na hata unapofika hukatika. Familia nyingi za mjini hupika kwa makala. Wakulima nao wanahitaji shamba jipya la muhogo au mpunga, na mashamba yaliyoachwa hayapewi tena miaka ya kutosha ya kupumzika. Hivi msitu unaliwa kutoka pande mbili, na mpaka wa hifadhi hauzuii moto wala shoka peke yake. Anayelima pale hana uadui na miti. Ana watoto wa kulisha, na soko liko kilometa 14 tu. Umbali huo huo unaomfurahisha mtembezi ndio unaomfurahisha mchoma makala.

Jioni, anayerudi kutoka Masako hukutana nao barabarani: vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia mawili, matatu ya makala, wakielekea daraja la mto Tshopo. Wametoka kule kule alikotoka yeye, na mara nyingi ndio waliomwonyesha asubuhi wapi pa kuingilia.