Bisi za wiki iliyopita: mazoea yanavyojengeka mbele ya sinema

Watafiti wa saikolojia nchini Marekani waliwahi kuwaita watu kwenye ukumbi wa sinema, wakawaambia kazi yao ni kutazama vionjo vya filamu na kuvitolea maoni. Kila aliyeingia alipewa mfuko wa bisi. Hawakuambiwa kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa na bisi mpya, na mingine ilikuwa na bisi zilizolala siku saba, zimenywea, ladha imekwisha. Onyesho lilipomalizika, mifuko ilipimwa kuona nani kala kiasi gani.

Waliokuwa na mazoea ya kula bisi kila waendapo sinema walikula zile zilizolala sawa na wenzao waliopewa mpya. Walipoulizwa walisema wazi kwamba hazikuwa tamu, lakini mkono ulikuwa umeendelea kuchota. Wasio na mazoea hayo walizionja wakaziacha. Jaribio liliporudiwa katika chumba cha mikutano, watu wakitazama video za muziki, hata wapenzi wakubwa wa bisi walizikataa zilizolala. Mara nyingine watafiti walirudi sinema, safari hii wakawataka watu wachote kwa mkono wasioutumia kwa kawaida. Badiliko hilo dogo lilitosha: bisi mbovu zikabaki mfukoni.

Utafiti huo wa David Neal, Wendy Wood na wenzao ulichapishwa mwaka 2011. Mimi ni mpenzi wa filamu tangu nikiwa mtoto, na sijasoma kazi ya kisayansi inayonieleza vizuri kuliko hiyo. Inaonyesha kwamba mazoea yakishakomaa hayaulizi tena kama unafurahi au unataka. Yanaitikia mahali, saa, kiti, giza la ukumbi, mfuko ulioko mapajani. Miaka kadhaa kabla ya hapo, Wood na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo madaftari ya kuandika kila saa walichokuwa wakifanya. Takriban asilimia 43 ya matendo yao yalikuwa yale yanayorudiwa karibu kila siku, mahali palepale, mara nyingi fikra zikiwa kwingine.

Ndani ya ubongo jambo hili lina makao yake. Chini kabisa ya gamba la ubongo kuna viini vinavyoshughulikia mienendo na mazoea. Profesa Ann Graybiel na wenzake katika taasisi ya MIT walipima seli za huko kwa panya waliokuwa wakijifunza kupita kwenye njia yenye umbo la herufi T ili wapate chokoleti. Siku za mwanzo seli zilifanya kazi safari nzima. Panya walipozoea njia, shughuli kubwa ilionekana mwanzoni na mwishoni, na katikati pakatulia. Ubongo ulikuwa umeifunga safari ile kama kitu kimoja, chenye alama ya kuanza na alama ya kumaliza.

Hiyo alama ya kumaliza ndiyo inayonishughulisha, kwa sababu sinema ya zamani ilikuwa nayo na sebule za leo hazina.

Waulize wazee wa Unguja au Dar es Salaam habari za Jumapili. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania kilitoka mwaka 2018, ameeleza jinsi familia zilivyovaa vizuri na kugombea tiketi za picha za Kihindi katika majumba kama Majestic na Cine Afrique kule Unguja, au Empire na Avalon hapa Dar es Salaam. Starehe ile ilikuwa na siku yake na saa yake. Picha ilikuwa na mapumziko katikati. Watu wakainuka, wakanyoosha miguu, wakanunua vitu, wakabishana kuhusu shujaa. Halafu taa ziliwaka na kila mtu akarudi kwake akijadili alichokiona. Hata kibanda umiza cha mtaani, pamoja na joto lake na mabenchi yake magumu, kina utaratibu huo: unalipia onyesho, onyesho linaisha, unatoka.

Televisheni za awali nazo zilikuwa na kikomo. Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994, na kwa muda mrefu vituo vilifunga matangazo usiku. Kisha vikaja ving'amuzi vyenye chaneli za tamthilia mchana na usiku, na baada yake intaneti. Mwaka 2012 Netflix ilianza kuleta sehemu inayofuata yenyewe baada ya sekunde chache. Mwaka uliofuata ikatoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja. Zamani mtazamaji alipaswa kufanya jambo fulani ili aendelee kutazama. Sasa analazimika kufanya jambo ili aache, na kuacha kunahitaji uamuzi saa ambayo mtu amechoka kuliko saa zote za siku.

Kinachoumia kwanza ni usingizi. Mwaka 2017 Liese Exelmans na Jan Van den Bulck walichapisha uchunguzi uliofanyika Ubelgiji kwa vijana 423 wenye umri wa miaka 18 hadi 25. Waliokuwa na mtindo wa kutazama sehemu nyingi za tamthilia kwa mkupuo walieleza zaidi usingizi mbaya, uchovu na dalili za kukosa usingizi. Kilichoeleza uhusiano huo ni akili kuendelea kuchemka mtu akiwa kitandani: nani kamsaliti nani, yule dada atapona au hatapona. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba tamthilia ndizo chanzo, maana mwenye usingizi haba naye huwasha televisheni ili asogeze usiku. Hata hivyo, kila aliyewahi kufuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa Kiswahili anajua mahali panapomwasha moyo. Ni dakika mbili za mwisho. Mwandishi wa tamthilia huilipua siri pale mwishoni makusudi, ili urudi.

Kwa hiyo nashauri jambo ambalo litawashangaza wapenzi wenzangu: usikatize pale sehemu inapoisha, katiza katikati. Dakika kumi ndani ya sehemu mpya, fumbo la jana limeshafunguliwa na jipya halijafungwa, hadithi inapumua. Hapo ndipo rimoti inabonyezeka bila vita. Zima pia ule mpangilio wa kuendelea yenyewe. Upo ndani ya akaunti, na kuuzima hakuchukui hata dakika tano.

Mwili nao una madai yake, na dai kubwa linahusu kukaa. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Ulf Ekelund, uliojumuisha takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Waliokaa zaidi ya saa nane kwa siku lakini wakafanya mazoezi ya wastani dakika 60 hadi 75 kila siku hawakuonekana kuwa na hatari zaidi ya kufa mapema. Kwa waliotazama televisheni saa tano au zaidi kwa siku, kiwango hichohicho cha mazoezi kilipunguza hatari bila kuifuta. Kwa nini kiti cha televisheni kiwe kibaya kuliko kiti cha ofisini? Huenda ni kwa sababu televisheni hutazamwa jioni baada ya mlo mkubwa wa siku, mtu hainuki, na mara nyingi kuna kitu cha kutafuna pembeni.

Hapa yale mapumziko ya picha za Kihindi yanapata maana mpya. David Dunstan na wenzake nchini Australia waliwakalisha watu wazima wenye uzito mkubwa kwa saa kadhaa baada ya kuwapa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku nyingine watu haohao waliinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea polepole dakika mbili tu. Siku ya kuinuka, jumla ya ongezeko la sukari kwenye damu ilipungua kwa karibu robo. Matokeo hayo ya mwaka 2012 yalitokana na watu wachache, lakini majaribio mengine yaliyofuata yameelekea upande huohuo. Dakika mbili ni muda wa tangazo moja au mawili. Peleka vyombo jikoni, kafunge geti, mpelekee mama maji ya kunywa. Anayetazama filamu isiyo na matangazo aweke mapumziko yake mwenyewe, kama mitambo ya sinema ilivyosimamishwa zamani.

Kuhusu kutafuna nitasema kwa kifupi: majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2013 yanaonyesha kwamba anayekula huku akili iko kwenye skrini hula zaidi papo hapo, na hula zaidi hata mlo unaofuata, kwa sababu hakumbuki vizuri alichokula. Karanga zimiminwe kwenye kibakuli, mfuko urudi kabatini.

Hadi hapa filamu imeonekana kama mshtakiwa, na sipendi kuiacha hapo. Kama mazoea huning'inia kwenye saa na mahali, basi kipindi cha televisheni ni kigingi imara cha kufungia mazoea mema. Shangazi yangu ana presha. Kwa muda mrefu vidonge vyake vilikuwa vikisahauliwa, mpaka mwanawe alipohamishia kopo la dawa juu ya meza ya televisheni. Muziki wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku unapolia, shangazi ananyoosha mkono kabla mtangazaji hajasema lolote. Akiwa na wageni anawaambia, "Subirini kwanza, dawa yangu imeita." Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wagonjwa zaidi ya 21,000 na kutolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kumeza dawa za presha jioni au asubuhi hakukuleta tofauti katika mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo vya maradhi hayo. Kwa wagonjwa wengi, basi, saa nzuri ni ile wanayoikumbuka, ilimradi daktari hajaagiza vingine.

Njia ya pili ni kuifunga starehe na kazi pamoja. Katy Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliwapa watu riwaya za kusisimua zilizosomwa kwa sauti, lakini kundi moja liliweza kuzisikiliza ukumbi wa mazoezi tu. Mwanzoni kundi hilo lilikwenda mazoezini mara nyingi zaidi kwa asilimia 51 kuliko wasiopewa riwaya. Wazo hilo linahamia nyumbani kwetu bila shida. Mimi nina tamthilia moja ninayoitazama nikipiga pasi tu. Kikapu cha nguo kikiisha, tamthilia inafungwa. Mwingine anaweza kuitazama akiruka kamba au akipanda na kushuka ngazi moja ya mlango wa nyuma. Siri iko kwenye neno "tu": siku utakayoitazama ukiwa umelala kwenye kochi, kifungo kimekatika.

Watoto hawamo katika hesabu hizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Simu ya kumtulizia mtoto wakati wa kulisha uji nayo ni skrini.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la siku ngapi. Wengi wamesikia kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21, hesabu iliyotokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji aliyekuwa akizungumzia muda ambao wagonjwa wake waliuhitaji kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu jambo moja, kama kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Makadirio yao yalikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kunywa maji kulishika haraka, mazoezi ya mwili yakachelewa. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Hatari kubwa zaidi ni likizo. Wale wasikilizaji wa riwaya kule Pennsylvania walilegea kadiri wiki zilivyopita, hasa ukumbi wa mazoezi ulipofungwa kwa sikukuu ya Shukrani. Kwetu ni safari ya kwenda kijijini Krismasi, ratiba inayogeuka mwezi wa Ramadhani, au mwezi wa Kombe la Afrika ambapo kila usiku una mechi. Saa inahama, kiti kinahama, na kigingi kinang'oka pamoja navyo. Afadhali kuliandaa hilo mapema: kabla ya kufunga mizigo, amua ni kipindi gani na siku gani utarudia, uandike, uubandike ujumbe huo kwenye televisheni. Ukirudi nyumbani usianze na msimu mzima uliokupita. Anza na sehemu moja, pasi ikiwa tayari imechomekwa.