Mkoba wa Daftari la Likizo: Nunua kwa Makini Kabla ya Safari ya Kasulu na Kibondo

Kila ifikapo Juni na Desemba, shule zinapofungwa, familia nyingi zenye asili ya Buha husafiri kutoka Dar es Salaam, Mwanza na miji mingine kwenda kuwasalimu wazee wao Kasulu na Kibondo. Safari ni ndefu, na watoto huichoka mapema. Wazazi wengine huwafungashia watoto daftari, penseli na rangi ili waandike, wachore na kubandika kumbukumbu za likizo. Ni jambo jema, na gharama yake si kubwa iwapo ununuzi utafanywa kwa makini. Makala hii inaeleza vitu vya kuweka katika mkoba huo, namna ya kuvikagua kabla ya kulipa, na hatua za kuchukua bidhaa inapobainika kuwa na kasoro.

Anza na kazi, kisha bidhaa

Madukani huuzwa seti zilizokwisha kufungashwa, zenye rangi nyingi na vibandiko vinavyometameta. Kabla ya kuvutiwa nazo, jiulize mtoto atafanya nini. Kwa kawaida ataandika, atachora, atakata na kubandika. Kazi hizo nne hutoshelezwa na vitu vifuatavyo:

• Daftari moja la jalada gumu kwa kila mtoto. Kaunta buku hufaa kuliko daftari laini la shule, kwa kuwa jalada lake hutumika kama meza juu ya mapaja.
• Penseli mbili, ufutio, na kichongeo chenye kikasha cha kukusanyia taka.
• Penseli 12 za rangi. Hazimwagiki ndani ya basi, wala haziyeyuki juani kama rangi za nta.
• Mkasi mdogo wenye ncha butu. Safarini ukae kwa mtu mzima.
• Gundi ya kijiti, au gundi nyeupe inayoyeyuka katika maji.
• Bahasha mbili ngumu: moja ya majani makavu na tiketi, nyingine ya risiti.

Pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Tuseme penseli 12 za rangi zinauzwa shilingi 2,400, na penseli 24 zinauzwa shilingi 6,000. Ukigawanya, utaona kuwa katika pakiti ndogo kila penseli ni shilingi 200, na katika pakiti kubwa ni shilingi 250. Mlaji anayefanya hesabu hii dukani hapotezi zaidi ya dakika moja.

Kagua usalama kabla ya kulipa

Jina "kalamu ya risasi" huwapotosha wengi. Sehemu inayoandika ndani ya penseli haina risasi. Hutengenezwa kwa grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Penye shaka ni rangi iliyopakwa nje ya mti wa penseli, ambayo katika bidhaa duni inaweza kuwa na madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiingia mwilini kwa kiasi kidogo, na watoto wengi hutafuna penseli wanapofikiri. Kwa macho huwezi kuyaona. Kwa sababu hiyo, chagua bidhaa yenye jina la mtengenezaji na nchi ilikotengenezwa, na uache ile ambayo rangi yake hubanduka kwa ukucha, ina harufu kali, au maandishi ya pakiti yake yana makosa ya tahajia. Dalili hizo pekee si uthibitisho wa ubandia, lakini zinatosha kukufanya urudishe pakiti rafuni.

Ukinunua kalamu za wino, tazama kofia zake. Kofia nzuri ina tundu la kupitisha hewa. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, tundu hilo huacha hewa kidogo ipite wakati msaada unatafutwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11540 kimewekwa kwa ajili ya hatari hiyo. Hata hivyo, kalamu zenye kofia ndogo zisiwekwe katika mkoba wa mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Gundi inayokauka papo hapo haifai kabisa katika mkoba huu. Hushikanisha vidole na kope kwa sekunde chache. Ikimwingia mtoto jichoni, usivute kope kwa nguvu. Osha jicho kwa maji mengi na umpeleke kituo cha afya mara moja. Gundi uliyonunua ikiisha mkiwa kijijini, uji mzito wa unga wa muhogo uliopikwa na kupozwa hubandika karatasi vizuri. Tengeneza kidogo kidogo, kwa kuwa huharibika baada ya siku chache.

Kufungasha kwa ajili ya njia na mvua

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Usimpe mtoto mkoba wa aina hiyo. Mfuko wa kitenge wenye kamba ya kufungia, ulioshonwa na fundi wa mtaani, hudumu zaidi na huoshwa ukishika vumbi jekundu la Kasulu. Wanaosafiri Desemba watakuta mvua za msimu. Daftari liwekwe ndani ya kopo la bati au la plastiki lenye kifuniko kabla ya kuingizwa mfukoni. Mkoba usiwekwe kwenye buti la basi: huko unaweza kulowa au kupotea, na mtoto anauhitaji akiwa kitini.

Kurasa zijazwe na nini

Thamani kubwa ya daftari hili haiuzwi dukani. Babu na bibi wengi wa Buha wameishi mambo ambayo wajukuu wao waliozaliwa mjini hawajapata kuyasikia. Wapo waliokuwa na baba au kaka waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wapo wanaokumbuka miaka ya 1970, familia zilipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mtoto aandike maswali matano kabla ya safari: Bibi, ulizaliwa wapi? Jina la bibi yako lilikuwa nani? Nyumba yenu ya kwanza ilikuwaje? Mlikula nini wakati wa njaa? Jina la ukoo wetu maana yake nini kwa Kiha? Majibu hayo yasipoandikwa likizo hii, huenda likizo ijayo asiwepo wa kuyatoa.

Tunashauri mtoto amwombe mzee ruhusa kabla ya kuandika, na asilazimishe jambo ambalo mzee hataki kulisema. Pia, kuingia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kunahitaji kibali. Isiwe sehemu ya matembezi ya kuchora au kupiga picha. Majani na maua ya kukausha yachumwe shambani kwa ruhusa ya mwenyewe, wala si ndani ya Pori la Akiba la Moyowosi.

Risiti ikae ndani ya daftari

Ile bahasha ya pili ibandikwe ndani ya jalada la nyuma. Humo ziwekwe risiti za kielektroniki za vitu vyote vilivyonunuliwa, pamoja na tiketi za safari. Bidhaa ikiwa na kasoro, chukua hatua hizi:

1. Acha kuitumia, na uihifadhi pamoja na pakiti yake.
2. Irudishe kwa muuzaji ukiwa na risiti, ueleze kasoro, na uombe kubadilishiwa au kurejeshewa fedha.
3. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Ikiwa tatizo ni ubora au usalama wa bidhaa, toa taarifa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Baadhi ya risiti huandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa aliyoiuza ikiwa na kasoro. Usiyaogope.

Mzazi anayefuata mwongozo huu atarudi nyumbani akiwa na daftari lenye majina ya wazee mwanzoni na risiti mwishoni. Alihifadhi mahali pakavu. Risiti zinaweza kuhitajika mwezi ujao, na majina hayo yatahitajika kwa miaka mingi.